Mwenye nyumba mpya asiikimbilie nyumba ya pili



Katika vitongoji vya Kampala, kuanzia Kawempe na Bwaise mpaka Ndeeba na Nateete, Waislamu wengi wenye kipato cha kawaida wana ndoto moja: kununua kiwanja, kujenga mizigo michache, yaani vile vyumba vya kupangisha vilivyojengwa kwa mstari, kisha kula pango uzeeni. Mwalimu anaiota ndoto hiyo, mfanyabiashara wa soko la Owino anaiota, na kijana aliyerudi kutoka kazi za Uarabuni na akiba yake naye anaiota.

Ndoto hii si mbaya. Kupangisha ni ijara, mkataba halali unaojulikana katika fiqhi, na mali ya halali inayomsitiri mtu na watoto wake ni neema. Tatizo tunaloliona ni haraka. Mtu akishamaliza milango 6, kabla rangi haijakauka ameshaanza kuulizia kiwanja cha pili. Fedha ya kiwanja hicho ataitafuta wapi? Mara nyingi ni kwa mkopo wa riba, au kwa kumkamua mpangaji wa nyumba ya kwanza. Rai yetu ni kwamba asiyeweza kuiendesha nyumba moja kwa uadilifu hana haja ya nyumba mbili.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Tuseme una milango 6, kila mmoja shilingi 120,000 kwa mwezi. Kichwani unaona 720,000 kila mwezi, na 8,640,000 kwa mwaka. Lakini vyumba viwili vikikaa bila mtu miezi miwili miwili, umeshapoteza 480,000, umebaki na 8,160,000. Kisha inakuja kodi ya serikali. Tangu Julai 2023 mtu binafsi nchini Uganda anatozwa asilimia 12 ya pato la pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kuondoa gharama zake. Hapo ni 640,800. Choo kimejaa, gari la kunyonya linataka fedha. Bati limevuja, mlango umeliwa na mchwa, ukuta unataka rangi. Weka milioni moja tu kwa mambo hayo. Kinachobaki ni kama 543,000 kwa mwezi. Sasa yule aliyechukua mkopo wa kulipa 650,000 kila mwezi kwa kutegemea zile 720,000 atalipa na nini?

Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya Kampala na Buganda ni ardhi ya mailo, na wengi wetu hatununui hati, tunanunua kibanja. Kibanja ni haki inayotambuliwa na sheria, lakini juu yako yupo mwenye ardhi. Anayeuza kibanja anatakiwa kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kukinunua. Na kama ni ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea, idhini ya mke au mume ni lazima. Mwenye haraka haulizi haya. Anamwamini dalali, anahesabu fedha, anajenga, kisha anagundua kwamba muuzaji hakuwa na idhini ya mtu yeyote. Ulizeni majirani, mwenyekiti wa LC1, na mwenye ardhi mwenyewe. Wiki tatu za kuuliza ni nafuu kuliko miaka 10 ya mahakama.

Jambo la tatu ni riba, na hapa hatutazungukazunguka. Tunaambiwa siku hizi kwamba bila benki huwezi kukua. Kukua kwa namna gani? Suratul Baqara imelieleza jambo hili waziwazi, na hakuna Muislamu anayeweza kusema hakuisikia. Tena hoja ya kwamba hakuna njia nyingine imepungua nguvu. Sheria ya taasisi za fedha ilirekebishwa mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu Uganda, na mwaka 2023 Benki Kuu ikatoa leseni ya kwanza ya benki kamili ya aina hiyo. Lakini jina la Kiislamu lisikufanye usisome mkataba. Uliza ni murabaha au ni ushirika, uliza ukichelewa kulipa kunatokea nini, na mpelekee mwenye elimu ausome. Ipo pia njia ya wazee wetu: ndugu wawili watatu wanachanga, wanaandika fungu la kila mmoja, na wanagawana faida na hasara. Muhimu ni kuandika, kwani tumeona ndugu wa tumbo moja wakigombana msibani kwa sababu marehemu aliacha nyumba na hakuacha karatasi.

La nne ndilo zito kwetu. Sisi tunaofundisha madrasa tuna watoto wa pande zote mbili: mtoto wa mwenye nyumba na mtoto wa mpangaji wanakaa kwenye mkeka mmoja na kusoma juzuu moja. Mtoto anapopotea wiki mbili, tukiulizia tunaambiwa baba yake alidaiwa, mwenye nyumba akaja kung'oa mlango, familia ikahamia kwa jamaa. Na pengine aliyeng'oa mlango ni mtu wa safu ya kwanza msikitini. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 imekataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na imezuia kupandisha pango zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, Qur'an ilikwishatutaka tumpe muhula mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wepesi.

Hatusemi mwenye nyumba aonewe. Wapo wapangaji wanaohama usiku na deni la miezi mitatu, na wapo wenye uwezo wanaochelewesha makusudi, na Mtume (S.A.W.) ameuita ucheleweshaji wa namna hiyo kuwa ni dhulma. Dawa yake ni mkataba wa maandishi tangu siku ya kwanza: pango ni kiasi gani, linalipwa tarehe ngapi, umeme wa Yaka unagawanywaje kama mita ni moja, nani anatengeneza nini. Toa risiti kila mwezi, hata kama mpangaji ni shemeji yako. Mpangaji akichelewa, kaa naye kwanza ujue kama hana au hataki. Hao ni watu wawili tofauti na hawastahili jibu moja.

Mwisho, ndugu zetu, msisahau zaka. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, jengo la kupangisha halitolewi zaka, lakini fedha ya pango inayobaki mkononi, ikifika nisabu na kuzungukiwa na mwaka, ina asilimia mbili na nusu ya wanaostahiki.

Ushauri wetu kwa mwenye nyumba mpya ni huu. Iendeshe nyumba ya kwanza miaka miwili mitatu. Weka daftari. Tenga fungu la matengenezo na fungu la kodi kabla hujala. Ukiona katika daftari hilo kwamba kimebaki kitu bila riba na bila kumliza mtu, basi tafuta kiwanja cha pili, na Allah akubarikie. Ukiona hakijabaki, subiri. Nyumba moja inayomlea mwenyewe na kumsitiri mpangaji wake ina baraka kuliko nyumba tano zenye madeni.

Wabillahi tawfiq.