Kwihara inastahili mgeni alale

Wascoti wanajua kumfanya mgeni alale. Mchana anazunguka ngome ya kale na kusikiliza habari za koo zilizoipigania, jioni anatafuta chumba kijiji cha jirani, na pesa ya kitanda na chakula inabaki kwa wenyeji. Tabora nayo ina tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, alikokaa Mscoti David Livingstone kwa miezi kadhaa mwaka 1872. Tatizo ni kwamba tembe hilo limefungwa kwenye jina lake peke yake, na habari za mtu mmoja aliyekuwa akisubiri wapagazi hazimalizi hata asubuhi moja. Habari zitakazomlaza mgeni Tabora ni za hao wapagazi wenyewe.

Unyanyembe, nchi ilipo Tabora, ilikuwa njia panda ya misafara: huku Ujiji, huku Karagwe na Buganda, na Bagamoyo upande wa pwani. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kwa ujira, na kijana aliyerudi kutoka pwani alihesabiwa mtu mzima. Oktoba 1873 Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao walifika hapa wakiwa na mwili wake, waliokuwa wameutoa katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwingereza Verney Lovett Cameron aliwashauri wauzike papo hapo. Walikataa, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Uamuzi huo ulikuwa wao, nao ni mzito kuliko lolote alilofanya Livingstone chini ya paa la Kwihara. Ongeza Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyewapinga Wajerumani hadi Januari 1893, boma lake lilipotekwa naye akalipua baruti kuliko kukamatwa. Hapo siku moja haitoshi.

Wapo wanaosema tembe la sasa si lile la awali, maana lilijengwa upya mwaka 1957. Ni kweli, lakini Eilean Donan, ngome ya Scotland inayojulikana dunia nzima kwa picha zake, ililipuliwa mwaka 1719, ikabaki gofu karibu miaka 200, na ujenzi wake mpya ukakamilika 1932. Wageni wanaifuata vilevile. Pingamizi zito zaidi ni la utumwa, maana misafara ilipitisha watumwa pia: je, ni haki kuchuma pesa penye machozi? Naliheshimu swali hilo, na jibu langu ni kwamba kunyamaza hakumrudishii heshima aliyepitishwa hapa kwa minyororo. Mwaka 2006 Tanzania yenyewe iliiingiza njia hii ya misafara, Kwihara ikiwemo, katika orodha ya awali ya UNESCO. Reli ya kisasa inajengwa kuelekea Tabora. Kabla haijafika, Makumbusho ya Taifa na manispaa waandike majina ya wapagazi ukutani, wafundishe vijana wa Kwihara kuongoza wageni, na waunganishe tembe, boma la Isike na boma la Wajerumani katika ziara moja ya siku mbili.