Fizi zinazovuja damu hazihitaji koleo wala kisu

IPO dhana iliyokita mizizi humu nchini kwamba daktari wa meno ni mtu wa kung'oa. Mja hutema damu kila apigapo mswaki, akajipa moyo kwamba huenda mswaki ni mgumu au ni joto la mwili tu, na miaka ikapita hadi jino linapoanza kutikisika. Hapo ndipo anapofunga safari ya hospitalini, na hapo ndipo koleo linapomngoja.

Aghalabu, koleo hilo halikuwa lazima. Wala kisu.

Ripoti ya uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya ya kinywa, iliyotolewa mnamo 2015, ilionyesha kuwa zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi nchini Kenya walikuwa na fizi zinazovuja damu. Ukiisoma takwimu hiyo peke yake utadhani taifa zima linaelekea kuwa la vibogoyo. Sivyo.

Mwaka wa 1988 watafiti Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 katika wilaya ya Machakos, kama ilivyoitwa wakati huo. Karibu kila mmoja alikuwa na uchafu uliogandamana menoni. Hata hivyo, maangamizi makubwa ya mfupa unaoshikilia meno yalipatikana kwa sehemu ndogo tu ya watu hao. Meno mengi yaliyong'olewa yalikuwa yameharibiwa na kuoza, wala si na fizi.

Kwa hivyo tunazungumzia makundi mawili. Kubwa ni la watu ambao fizi zao zimevimba na zinavuja damu, lakini mfupa ungali imara. Dogo ni la wale ambao mfupa wao unaliwa kimyakimya. Kosa la huduma zetu ni kuyangoja makundi yote mawili yafike mlangoni yakiwa na jino lililolegea.

Kundi la kwanza tiba yake inajulikana tangu 1965. Mwaka huo Harald Löe na wenzake, mjini Aarhus nchini Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporejelea mswaki, fizi zilipona kwa muda wa juma moja hivi. Hakuna dawa waliyomeza.

Ukoga, yaani ule utando laini unaotanda menoni, usipoondolewa hugandishwa na madini yaliyo katika mate ukawa ugaga, mgumu kama chokaa. Mswaki hauwezi kuung'oa, uwe wa dukani au kijiti walichotumia wazee wetu. Kwa watu wa kundi la pili, ufizi hujitenga na jino pakawa na kifuko. Kifuko cha kawaida hakizidi milimita tatu. Kikizidi kina, vijidudu hujificha humo, na mwili unapopambana navyo huuharibu mfupa wake wenyewe. Hakuna maumivu ya kumwamsha mtu usiku, na hiyo ndiyo hatari yake.

Hapa ndipo wengi wanapodhani upasuaji hauepukiki. Kumbe hatua ya kwanza ni kukwangua. Mtaalamu hupima vifuko, akatia ganzi panapohitajika, kisha akauondoa ugaga juu ya ufizi na chini yake hadi kwenye mzizi. Hatumii wembe wala uzi wa kushonea. Utafiti wa Anita Badersten na wenzake mjini Malmö, Uswidi, uliochapishwa kuanzia 1981, ulionyesha kwamba hata vifuko vyenye kina kirefu hupata nafuu kwa njia hii. Fauka ya hayo, vikwangulio vya mkono vilitoa matokeo sawa na vya mashine inayotetemeka kwa umeme. Hospitali ya kaunti ndogo isiyo na mashine haina kisingizio.

Mwongozo wa wataalamu wa fizi barani Ulaya wa 2020 unafuata mkondo uo huo. Mgonjwa afunzwe kwanza usafi na kuacha tumbaku, akwanguliwe, apumzishwe kwa takriban miezi mitatu, kisha apimwe tena. Upasuaji huzungumziwa pale tu vifuko vya milimita sita na zaidi vinaposalia. Mwongozo huo haupendekezi kuongeza tiba ya leza, ingawa leza hutangazwa kwa mbwembwe, wala haupendekezi kila mgonjwa apewe viuavijasumu. Wanaonunua vidonge dukani kila fizi zinapovimba wanapaswa kulitilia maanani hilo.

Hata jina tunalolitumia linatupoteza. Wengi huita kila fizi inayovuja damu kiseyeye, ilhali kiseyeye halisi hutokana na ukosefu wa vitamini C. Anayekula machungwa kutwa bila kukwangua ugaga anajitibu maradhi asiyokuwa nayo.

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya aliambiwa katika kliniki moja kwamba magego yake mawili yang'olewe siku iyo hiyo. Hakuna aliyepima lolote. Daktari wa pili alipima, akakwangua kwa vikao viwili. Gego moja hatimaye halikunusurika. La pili lingali linatafuna nyama choma.

Kwa wenye kisukari, suala hili si la kutafuna tu. Uchambuzi wa Cochrane wa 2022, uliojumuisha tafiti 35, ulionyesha kwamba kutibiwa fizi kulipunguza kipimo cha sukari ya muda mrefu kwa takriban asilimia 0.43 katika miezi mitatu hadi minne. Hata hivyo, ni nadra mgonjwa wa kisukari kuulizwa kuhusu fizi zake.

Mbona basi kung'oa kunashinda? Jibu liko katika hesabu. Kung'oa huchukua dakika chache, na mgonjwa haonekani tena. Kukwangua kunahitaji vikao kadhaa na kurudi baada ya miezi mitatu, na aliyetoka mbali hulipa nauli kila mara. Maafisa wa afya ya kinywa wanaohitimu katika chuo cha KMTC wana ujuzi wa kazi hii. Tangu huduma za afya zigatuliwe mnamo 2013, kuwaajiri ni jukumu la kaunti.

Lakini pana tahadhari. Uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa 2018, ulibaini kuwa kukwangua meno ya kila mtu kila miezi sita hakuleti tofauti kubwa kwa wasio na ugonjwa uliokithiri. Kwa hiyo si busara kupanga foleni ya taifa zima. Wanaohitaji vikwangulio ni wale wenye vifuko, na hawajulikani kwa kutazamwa tu bali kwa kupimwa.

Kipimo chenyewe ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Hakitumii umeme, hutakaswa na kutumika tena, na afisa akishazoea humaliza kinywa kizima kwa dakika chache. Mpango wa Shirika la Afya Duniani unataka asilimia 80 ya watu duniani wawe na haki ya kupata huduma muhimu za kinywa ifikapo 2030. Bajeti za kaunti hupitishwa kila Juni. Wawakilishi wa wadi wanaweza kuuliza, kabla ya kuidhinisha koleo jingine, ni zahanati ngapi zilizo na kijiti hicho.