Gazeti halina pochi

Semina ya uchumi wiki hii imeniacha na dukuduku, acha nilitoe hapa.

Hoja iliyotawala ni hii: kompyuta isome magazeti, ihesabu maneno mazuri na mabaya, halafu ituambie wananchi watanunua kiasi gani miezi ijayo. Eti kwenda mtaani na madodoso ni kupoteza muda. Mimi nakataa.

Wanaoipigia debe wanataja tawi la San Francisco la Benki Kuu ya Marekani, lenye kipimo cha kila siku cha hisia za habari za uchumi magazetini. Sawa, ni cha haraka, na Machi 2020 korona ilipoingia kiliporomoka upesi. Lakini sifa yake kubwa ni kubashiri majibu ya watu kwenye madodoso kama lile la Chuo Kikuu cha Michigan. Majibu jamani, sio manunuzi! Juni 2022 kipimo cha Michigan kilishuka hadi 50, chini kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Watu walinuna kwa ajili ya bei. Je, waliacha kununua? Wapi! Matumizi ya mwaka huo yaliongezeka, hata ukiondoa mfumuko wa bei. Ajira zilikuwepo, akiba ya kipindi cha korona ilikuwa haijaisha. Mtu ananuna huku anatoa hela.

Sasa tulete kwetu. Kompyuta imefundishwa kuwa "kupanda" ni kubaya. Ikikuta "bei haijapanda" itafanyaje, wakati kanusho letu limejificha ndani ya neno lenyewe? Na "Yanga yaua" itahesabiwa msiba, huku Jangwani wanasherehekea? Hata Kiingereza kilisumbua: mwaka 2011 Loughran na McDonald walionyesha kuwa karibu robo tatu ya maneno yaliyohesabiwa mabaya kwa kamusi ya Harvard hayakuwa mabaya kwenye taarifa za fedha. Kodi na gharama, kwa mfano.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mama ntilie akipunguza mchele kutoka kilo kumi hadi sita, hakuna mwandishi anayeandika. Tukidai tumempima yeye kupitia gazeti, tumempima mhariri. Sera ikitungwa hivyo, mama ntilie kafutwa kwenye hesabu.

Kwa hiyo mnaoandika tafiti za mwaka wa tatu, gazeti liwe kengele tu. Ikilia, pandeni daladala mkaulize sokoni. Anayebisha aje, ila aje na takwimu!