Mizani ya Upande Mmoja

Saa nane mchana, katika kituo cha kununulia majani kule Magwagwa, karani hutundika gunia kwenye mizani ya kielektroniki. Namba hucheza kidogo, hutulia, na mashine ya mkononi hutoa risiti. Kilo 17 na nusu. Mama mwenye gunia huisoma risiti mara mbili, huikunja, kisha huifunga kwenye ncha ya leso. Akiibiwa nusu kilo leo, kesho atajua. Kisha majani hupakiwa, lori hupanda mlima likinguruma, na kuanzia hapo anachokijua mama yule ni kile atakachosomewa Oktoba siku ya bonasi.

Toleo hili tumeliandika kwa sababu ya pengo hilo. Mkulima wa chai wa Nyamira na Kisii hupimwa hadi vipande vya kilo, ilhali mashine inayosindika jasho lake, katika viwanda vingi, bado husikilizwa kwa sikio, husomwa kwa jicho na kuandikwa kwa kalamu katika daftari la zamu. Vihisi vya kupima mtikisiko, joto, unyevu na umeme vipo, bei yake imeshuka, na vinaweza kutuma vipimo vyake kwa redio ndogo hadi kwenye simu ya fundi. Ninachodai ni kwamba vifungwe, na kwamba vinachokiona kimfikie mwenye kiwanda. Na mwenye kiwanda ni yule mama. Tangu shirika la chai la KTDA libinafsishwe mwaka 2000, viwanda hivi, Sanganyi, Tombe, Kebirigo, Nyansiongo, Nyamache, Kiamokama na vinginevyo, ni kampuni zenye hisa za wakulima na wakurugenzi wanaochaguliwa na wakulima.

Tuingie ndani ya kiwanda tuone panapouma. Majani mabichi hulazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, feni kubwa zikipuliza hewa kutoka chini usiku kucha, kwa saa 12 hadi 18. Feni hizo ni miongoni mwa mashine zinazokunywa umeme mwingi zaidi kiwandani. Mfanyakazi hupita na vipimajoto viwili, kimoja kikiwa kimefungwa kitambaa chenye maji. Tofauti ya joto kati yao humwambia hewa ina uwezo gani wa kubeba unyevu. Akichelewa kuvisoma kwa sababu boila imemwita kwingine, feni huendelea kupuliza majani yaliyokwisha kunyauka, au hewa yenye ukungu isiyonyausha chochote. Umeme huo hulipwa, na gharama yake hukatwa katika bonasi.

Nimewahi kusimama karibu na vitanda hivyo usiku, msimu wa majani mengi, pamoja na fundi mmoja wa makamo. Alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye nyumba ya beringi, mpini akaubana nyuma ya sikio, akafumba macho. Alienda hivyo feni kwa feni. Kwenye ya tatu alikaa zaidi. “Hii inatafuna mchanga,” akaniambia. “Sikiza mwenyewe, mwalimu.” Nilisikiza. Nilisikia upepo tu.

Alichokisikia ndicho ambacho kihisi cha mtikisiko hukisikia. Beringi ikianza kumenyeka ndani, kila gololi inayopita pale penye kovu hugonga, na kugonga huko hujirudia kwa mpigo wake maalumu. Kugonga huja kwanza, wakati mwingine wiki kadhaa kabla ya hitilafu. Joto hufuata baadaye. Moshi huja mwisho, na wakati huo shafti imeshaharibika. Kipande cha chuma kidogo kuliko kiberiti, kikibanwa pale bisibisi ilipogusa, husikiza mchana na usiku, hata fundi akiwa amelala au yuko kwenye mazishi ya jirani.

Wazo la mashine inayojitambua inapougua si geni. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda wa Japani alikamilisha mtambo wa kufuma uliosimama wenyewe uzi ulipokatika, ili usiendelee kufuma nguo mbovu. Sisi tuko karne moja baadaye na bado tunangoja moshi.

Najua gharama ya kungoja. Miaka michache iliyopita, katika kiwanda ambacho sitakitaja, beringi ya feni ilikatika Jumapili usiku. Majani yaliyolala juu yake yalipata joto, yakaanza kuwa mekundu kabla ya wakati wake, na asubuhi yakapitishwa mashineni hivyo hivyo kwa kuwa malori mengine yalikuwa yamepanga foleni langoni. Katika majani hayo yalikuwamo ya nyumbani kwetu. Hakuna risiti iliyotuambia.

Kwenye kikaushio hasara ni ya kimya zaidi. Chai iliyokauka vizuri hutoka na unyevu wa takriban asilimia 3. Ukizidi, chai huvunda ghalani kabla haijafika mnada wa Mombasa. Ukishuka hadi 2, hakuna anayelalamika, maana chai inaonekana nzuri. Lakini kila tani moja imepoteza karibu kilo 10 za uzito wa kuuza. Kwa kuwa kilo moja ya chai kavu hutokana na takriban kilo nne na nusu za majani mabichi, kilo 10 hizo ni sawa na kilo 45 shambani, magunia kadhaa ya mtu aliyeinama tangu umande. Kihisi cha unyevu mlangoni mwa kikaushio, kikiunganishwa na vali ya mvuke, kinaweza kuushikilia unyevu pale unapotakiwa.

Sitasema vihisi vitaiinua bonasi yetu hadi ile ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa. Soko lina mambo yake, na anayechuma majani magumu badala ya majani mawili na chipukizi hataokolewa na mtambo wowote. Wanaohofia ajira nao wana haki ya kuhofia, na kwao jibu langu ni yule fundi wa bisibisi. Kihisi hurekodi mtikisiko, lakini hakijui upi ni wa beringi, upi ni wa mkanda uliolegea, upi ni wa boliti za msingi. Lazima mtu akifundishe. Kiwanda kitakachonunua vihisi na kumwacha yule fundi nje ya chumba cha skrini kitakuwa kimenunua makelele.

Hofu yangu kubwa iko katika mkataba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hulinda habari za mtu. Hailindi mtikisiko wa feni. Kama mkataba hausemi vipimo ni vya nani, muuzaji anaweza kuvihifadhi kwenye kompyuta zake, akashika nywila, na mwaka wa tatu akadai ada ili kiwanda kisome mapigo ya moyo wa mashine zake chenyewe. Wakurugenzi waulize jambo hilo kabla ya kuuliza bei. Na mtambo wa vihisi uendelee kurekodi stima inapopotea, jambo ambalo huku halihitaji maelezo.

Kurasa zinazofuata zina makala za mafundi, wahandisi na wakulima, na hawakubaliani katika kila kitu. Ombi langu kwa viwanda ni dogo. Kila Jumatatu, karatasi moja ibandikwe katika kila kituo cha kununulia majani, pembeni ya tangazo la mbolea: saa ambazo kila feni ilisimama, unyevu wa chai ilipotoka kikaushioni, umeme na kuni zilizotumika kwa kila kilo. Namba chache tu. Mama yule wa Magwagwa ataisoma mara mbili, kama anavyosoma risiti yake, na mkutano wa wenye hisa ukifika atanyanyua mkono na kuuliza kwa nini feni namba 3 ilisimama kwa saa 11 mwezi wa Mei, na majani yaliyokuwa juu yake yalikwenda wapi.