Selimundu Haiishi Utotoni

Ndugu yangu kijana, ukisikia selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoita mtaani, unamfikiria nani? Bila shaka mtoto. Zamani wengi walikuwa wakifariki wangali wadogo. Leo, alhamdulillah, wapo waliofika miaka 40, 50 na zaidi. Wako Kilifi, wako Kisumu, na pengine mnaswali safu moja.

Lakini umri hauondoi ugonjwa huu. Seli nyekundu ya kawaida huishi kama siku 120 mwilini. Ile iliyopinda kama mundu huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana damu huwa pungufu na uchovu hauishi. Seli hizo pia huziba mishipa midogo. Miaka ikienda, figo huchoka, macho huathirika, na mfupa wa nyonga unaweza kufa kwa kukosa damu. Kwa hivyo mtu wa miaka 45 anayechechemea si mvivu, wala hajifanyi.

Sasa hebu jiulize: mtu mzima kama huyu akifika hospitali analia kwa maumivu, anapokewa vipi? Mara nyingine anashukiwa eti anatafuta dawa za kulevya. Aliyelelewa na kliniki ya watoto, akishavuka umri, anaweza kukosa pa kupokelewa. Hili ni suala la haki. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Hakikusema watoto peke yao.

Wewe unaweza kufanya nini? Kwanza, Ramadhani usimtolee macho akinywa maji mchana. Upungufu wa maji mwilini huchochea maumivu, na Allah amemruhusu mgonjwa asifunge. Asiyetarajiwa kupona hulisha maskini. Pili, changia damu, kwani wagonjwa hawa huihitaji mara kwa mara. Tatu, msindikize hospitali, umsemee pale maumivu yanapomziba kauli, na muulize daktari kuhusu haidroksiurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu.

Na viongozi wa kaunti yako wakija kuomba kura, waulize swali moja tu: kliniki ya selimundu ya watu wazima iko wapi?