Tusikimbie Wanaotushinda

Muhula uliopita nilicheza sataranji na bingwa wa shule ya bweni, dakika 15 kila mmoja. Dakika ya sita, mfalme wangu amenaswa! Wenzangu wakacheka, eti sisi wa shule ya kutwa hapa Isiolo tusipeleke timu tena. Nakataa katakata! Phiona Mutesi alijifunza sataranji katika mabanda ya Katwe, Kampala. Mwaka 2012 akashinda cheo cha kimataifa kule Istanbul. Angekimbia wenye nguvu, angefika wapi? Nilipokuwa nikirudi Bulapesa kwa miguu ndipo nilipoliona kosa langu: nilimtoa malkia mapema mno. Mnyonge mwenzangu asingenionyesha hilo. Jamani, twendeni tena! Asiyekubali kushindwa si mshindani.