Orijino ya Nani?

Neno linalonikera kuliko yote katika gereji za Dodoma ni "orijino". Fundi analitamka, muuza spea anaitikia, mwenye gari anatoa pesa. Mwaka jana aliyetoa ni mama yangu.

Mama ana pikapu, Hilux yenye injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita tatu yenye tabo, ile inayosukumwa na moshi ili ishindilie hewa kwenye silinda. Hupeleka sabuni na sukari Manyoni, hurudi na mafuta ya alizeti. Ada yangu ya uzamili hutoka humo. Silinda hedi ilipopasuka, fundi alimwekea mambo mawili mezani: hedi mpya isiyo ya Toyota, au ya mtumba kutoka Japani, nafuu kwa laki nne. "Mama, chukua orijino. Hizi mpya hazivuki masika." Mama akachukua orijino. Ilikuwa imeoshwa, inang'aa kama sufuria ya harusini. Wiki ya tisa, akiwa ametoka bonde la Bahi anapanda mlima wa Saranda, ikapasuka katikati ya valvu mbili. Mama alilala barabarani na mzigo wa watu. Mimi niliahirisha muhula.

Msimamo wangu ni huu: kwa injini ya tabo, hedi ya mtumba ambayo haijapimwa isinunuliwe, hata kama ilitoka kwenye kiwanda cha Toyota wenyewe.

Nasoma takwimu, na swali la kwanza tunalofundishwa ni sampuli imetoka wapi. Hedi inafikaje kwenye rafu ya duka la spea Dodoma? Kuna injini ilivunjwa. Kwa nini ilivunjwa? Labda gari liligongwa nyuma na injini ikabaki nzima. Labda lilichemsha. 1KZ inajulikana duniani kwa kupasua hedi, kwa hiyo hiyo labda ya pili si ya kupuuza. Muuzaji hajui. Fundi naye anakumbuka hedi tano alizofunga zikadumu. Zilizokufa hazijui, maana mteja mwenye hasira huenda kwa fundi mwingine.

Bloku ya injini hii ni chuma, hedi ni alumini. Kwa joto lile lile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kila safari hedi inashindana na bolti zilizoikaza. Tabo inaleta hewa zaidi, hewa inaruhusu dizeli zaidi, dizeli inaleta joto. Ikivuta mzigo mlimani, moshi wake unaweza kupita nyuzi 600, na alumini safi huyeyuka kwenye 660. Kinachoiokoa ni maji. Hedi iliyowahi kuchemshwa sana hulainika. Utaichonga uso unyooke kama kioo, lakini ugumu wake haurudi. Na sisi tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta uliolegea unatosha kukuua.

Halafu wanang'oa thamostati! "Nchi ya joto hii, ya nini?" Katika injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi, na mlimani sehemu ya maji inazunguka bure. Ya mama iling'olewa pia. Hedi mpya nayo ingeteseka, nakiri.

Nakiri pia kwamba fundi hakusema uongo mtupu. Zipo hedi mpya zenye vitundu ndani ya alumini, na zenye nembo za kughushi. Ndiyo maana nasema zipimwe zote: njia za maji zizibwe, upepo ujazwe, hedi izamishwe kwenye maji ya moto, tutazame mapovu. Mama hanunui dumu la alizeti kabla ya kulionja. Kitu cha karibu milioni alikinunua kwa macho, kwa sababu mwenye spana alisema. Na mimi msomi nilikuwa pale, nimesimama, naona aibu kuuliza.

Mara ya pili niliuliza. Duka la kwanza waliniambia, "Dada, hapa tunauza, hatupimi." Mama akafunga pesa zake kwenye pindo la kanga. "Basi na sisi leo tunatazama tu, hatununui."

Duka la tatu walikubali hedi zao mpya zipelekwe kwa mchongaji kabla hatujalipa. Ya kwanza ilitoa mapovu. Ya pili haikutoa. Ndiyo iliyofungwa, pamoja na thamostati, na fundi alinuna hadi jioni.